Kamba Nyuma ya Kitanda

Nepi za mjukuu wangu zilikuwa zinanuka. Hilo ni kweli, na mtu yeyote aliyekuja nyumbani kwangu Kilosa siku ile ya shukrani atakuthibitishia. Uongo ni ule nilioutamka mimi mbele ya watu wote, kwamba zinanuka kwa sababu mama yake hakufundwa kufua. Kwa miaka miwili nimetaka kulirudisha neno hilo. Naandika kwa sababu nimechelewa, na kwa sababu kila nikijaribu kusimulia kwa mdomo najikuta najipendelea.

Naitwa Yunis. Nimezaliwa Mamboya, nimesoma shule ya misheni, nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, na nimekuwa katibu wa akina mama wa kanisa letu kwa miaka kumi na minne. Siyataji haya kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo na yatajitokeza yenyewe. Nayataja ili ujue kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasimama kila mwaka kuwakemea wanawake wenzangu wanaoogopa ndege. Maana kwetu wapo wanaoamini kwamba ndege akipita juu ya nguo za mtoto mchanga zilizoanikwa nje, hasa jua likianza kuinama, kivuli chake kinabaki kwenye nguo na mtoto anashikwa na degedege. "Degedege ni malaria," niliwaambia, Biblia mkono mmoja na kijitabu cha kliniki mkono wa pili. "Mpelekeni mtoto hospitali, mwacheni ndege wa Mungu aruke zake."

Nilisema vizuri sana. Watu walipiga makofi.

Mwanangu Goodhope ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii huko Mikumi. Mke wake Devota ni binti wa Magole, mpole hadi anakera. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa, Goodhope alimleta kwangu ajifungulie Kilosa nikiwa karibu, kwa kuwa yeye kazini walikuwa wanampa siku mbili tu za kupumzika. Devota alishuka na begi dogo la nguo zake na mfuko mkubwa wa nepi za kitambaa. Zilikuwa ishirini na nne, nyeupe, laini, kila moja imepindwa ukingo kwa mkono. Mama yake, Teresia, alizikata na kuzishona mwenyewe usiku na mchana akimsubiri mjukuu. Nilizishika, nikatafuta kasoro kwenye mishono kama ninavyofanya kwenye daftari la mwanafunzi, sikuiona.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kiume, akaitwa Lucas. Mimi nikashika nyumba. Mzazi wa kwangu haoshi sufuria, hafagii, hakai penye upepo. Dirisha la chumba chake nililifunga na kulizibia kanga. Asubuhi na jioni nilimkanda kwa maji ya moto, na moto wangu wote wa mkaa uliishia hapo na kwenye uji wake wa pilipili manga. Wiki ya kwanza nepi nilifua mimi, kwa maji ya baridi. Wiki ya pili akaniomba.

"Mama, naomba nepi nifue mwenyewe. Umechoka."

"Maji ya moto ya kufulia sina," nikamwambia. "Ya moto ni ya kukukanda."

"Ya baridi yanatosha, mama. Kwetu hatuchemshi."

Na kweli, nilimwona anavyofua, na roho yangu ilikiri ingawa mdomo haukukiri. Nepi ya choo hakuitupa na za mkojo. Aliikung'uta chooni, akaisuuza kwa maji ya kumimina hadi uchafu wote ukatoka, ndipo akailoweka. Alikuwa na ndoo yenye mfuniko, na maji ya ndoo aliyabadilisha asubuhi kabla hata hajanywa chai. Alisugua kwa sabuni ya mche, kidogo tu, penye doa, kisha akasuuza mara tatu, mara nne, mpaka maji yakawa meupe bila povu. Akazikamua, akaziweka kwenye beseni, akachukua beseni kiunoni kuelekea uani kwenye waya wa nguo.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kuanika, mama."

"Za mtoto zinaanikwa ndani."

Nilikuwa nimeshafunga kamba nyuma ya kitanda chake, kutoka msumari mmoja hadi mwingine, mahali ambapo mgeni akichungulia mlangoni hawezi kuiona. Devota aliitazama ile kamba, akatazama uani, jua la mwezi wa nane likimwagika pale kama maji ya bomba lililopasuka. Akaanza kuanika nyuma ya kitanda, moja baada ya nyingine, zimebanana.

Mtu mwenye akili atajua kilichofuata. Chumba kimefungwa, mvuke wa maji ya kukandia asubuhi na jioni, nepi ishirini na nne juu ya kamba moja. Hazikukauka. Zilipoa, zikafanya kama zimekauka, ukizishika zina ule ubaridi wa ukungu. Siku ya nne zikaanza kunuka. Si mkojo hasa. Ni ule uvundo wa kitambaa kilichofungiwa kibichi, na mtoto akikojoa mara moja tu, mkojo na uvundo vinaungana na nyumba nzima inajua.

Mimi nikaingia na dawa zangu. Nilimwaga sabuni ya unga, ile ya harufu ya maua, mikono miwili kwenye ndoo moja. Devota akaniambia taratibu kwamba sabuni ikizidi haitoki, inabaki kwenye kitambaa na inashika harufu zaidi. Nilimwuliza alisomea chuo gani. Nepi zikawa na utelezi ukizilowanisha, makalio ya mtoto yakatoka vipele vyekundu, na sasa zilinuka mkojo na maua.

"Mama," aliniambia siku moja, mtoto analia mapajani mwake, "tuzitoe nje hata saa moja tu. Mchana huu huu. Nitakaa hapo hapo mlangoni."

"Nyumba hii ina utaratibu wake," nikamjibu.

Jumapili ya wiki ya tatu nilitoka kanisani nikakuta nepi zote ziko kwenye waya uani, zimetandazwa, zinapepea. Sikuvua hata viatu vya kanisani. Nilizirarua pale kwenye waya, vibanio vikaruka huku na huku.

"Mama, ni saa saba tu," Devota alisema mlangoni. "Ningezianua kabla ya saa tisa."

"Vumbi! Unataka kumfunga mtoto vumbi la barabarani?"

Aliitazama barabara. Nyumba yangu iko kichochoroni, bodaboda mbili zikipita kwa siku ni nyingi. Kisha akanitazama mimi, na ndipo nilipogundua kwamba nimeinua uso juu na ninageuka geuka.

"Mama, unatafuta nini huko juu?"

"Natazama kama mvua inakuja."

Mwezi wa nane! Kilosa! Angekuwa mkwe mwingine angecheka. Yeye alisema, "Samahani, mama," akaokota vibanio.

Sasa nikwambie nilichokuwa natafuta, kwa sababu yeye sikumwambia. Kabla ya Goodhope nilizaa mtoto mwingine, Paulo. Tulikuwa bado tunaishi Mamboya. Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu mpya, najua kila kitu. Jioni moja nilichelewa kuanua. Nikiwa nakuja na kapu niliona ndege mweusi, mkubwa, sijui wa aina gani, akapita chini kabisa juu ya nepi za Paulo, nusura bawa liguse. Niliona kwa macho yangu. Nikacheka, nikasema moyoni kwamba mama mkwe wangu angekuwepo angezimia. Alfajiri Paulo akakakamaa, macho yakapanda juu. Alikuwa na wiki saba. Daktari alisema malaria imepanda kichwani, na mimi nilimwamini daktari, na hadi leo namwamini. Mama mkwe wangu aliniuliza swali moja tu, mbele ya waombolezaji: "Nguo za mtoto ulizianua saa ngapi?"

Goodhope alipozaliwa sikuanika nguo yake nje hata moja hadi alipotembea. Lakini nyumba ya Mamboya ilikuwa na madirisha makubwa, na upepo wa mlimani unaingia huku unatokea kule, nguo zinakauka hata ukizitundika jikoni. Kwa hiyo hazikunuka, nami nikadhani ni ustadi wangu.

Ningemwambia Devota haya, angenielewa. Lakini ningewezaje? Katibu mzima wa akina mama, mwenye kijitabu cha kliniki! Nilitamani afikirie mimi ni mkali, hata mwenye roho mbaya, kuliko ajue kwamba naogopa ndege. Huo ndio ukweli wangu na unaniaibisha kuuandika.

Arobaini ilipotimia tukafanya shukrani ya kumtoa mtoto. Padri wa kina Devota alialikwa na mchungaji wetu alialikwa, turubai likafungwa uani, Goodhope alipika mwenyewe pilau kwenye masufuria makubwa. Kutoka Mamboya wakaja ndugu wa marehemu mume wangu, akiwemo wifi yangu Debora, ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mtu asitoke na la kusema. Kutoka Magole akaja Teresia na shangazi wawili. Watu wote pamoja hawakupungua sitini.

Debora akampokea Lucas, akamweka begani, akamshusha.

"Heh!" akasema kwa sauti. "Jamani, mbona mtoto anavunda? Yunis, ni wewe huyu wa usafi au nimekosea nyumba?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Ningeweza hata kucheka na kusema nepi hazikukauka vizuri, yakaisha. Lakini Debora alikuwa ametaja usafi wangu mbele ya mchungaji, na mdomo wangu ukanitangulia.

"Msinitazame mimi," nikasema. "Mimi nimepokea mkwe. Mambo ya kufua yanafundishwa kwao. Kama hakufundwa, mimi nifanyeje?"

Baadhi wakacheka. Teresia alikuwa amekaa mkekani na sahani ya pilau mapajani. Kwetu ukisema binti hakufundwa hujamtukana binti, umemtukana aliyemzaa. Akaiweka sahani chini, polepole.

"Devota. Ni kweli zinanuka?"

"Ndiyo, mama."

"Nani anafua?"

"Mimi, mama."

Hakudanganya. Alikuwa ndiye anayefua. Aliyeamuru zianikwe ndani hakuulizwa, naye hakumtaja. Alinitazama tu, kwa muda ambao ungetosha mtu kusema sentensi mbili. Alikuwa ananingoja mimi. Nikaifunga upya kanga yangu kiunoni, ingawa haikuwa imelegea.

"Basi, Mama Goodhope, nimekusikia," Teresia alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilipungukiwa. Niruhusu nimrudishe nikamfundishe."

Watu wakaanza kusema aah, mama, yaishe, ni utani tu, lakini Teresia alikuwa ameshasimama. Mimi nikajifanya nakwenda kumsaidia kufungasha. Nilikimbilia chumbani peke yangu, nikazitoa nepi zote nyuma ya kitanda, nikazisokomeza kwenye ule mfuko wao, nikaifungua kamba na kuificha chini ya godoro. Hata wakati ule, na watu wanamchukua mjukuu wangu, nilichowaza ni kwamba Teresia asiione ile kamba. Saa kumi gari lao likaondoka.

Jioni ile Goodhope alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba. Alitazama ukuta.

"Mama, hii misumari ilikuwa ya nini?"

"Ya chandarua," nikasema.

Hakuuliza tena. Ana tabia hiyo tangu utoto. Akikuuliza mara moja na ukamdanganya, hakupi nafasi ya pili.

Devota alikaa kwa mama yake miezi minne. Goodhope alikwenda kumwomba na wazee wawili, akapanga chumba na sebule Mikumi, akamchukua Magole wakapitia Morogoro moja kwa moja hadi huko. Kilosa hawakufika. Lucas akakaa, akatambaa, akasimama, yote hayo nikayaona kwenye simu. Devota mwenyewe ndiye aliyekuwa ananitumia picha kila Jumapili, na chini yake anaandika, "Shikamoo mama, Lucas anakusalimu." Kila Jumapili nilijibu "Marahaba," nikaanza kuandika lingine, nikafuta.

Niliwaza kwenda Magole. Nilipanga hadi nguo nitakayovaa. Nilijiambia nitakwenda baada ya Pasaka, halafu baada ya mavuno, halafu baada ya mkutano wa dayosisi. Nilitaka kumwambia Teresia, tena mbele ya wale shangazi wawili: binti yako anafua vizuri kuliko mimi, mimi ndiye niliyeziozesha. Maneno hayo hayazidi pumzi moja.

Mwaka huu mwezi wa nne Teresia akafa. Presha, walisema, alianguka shambani. Nilikwenda kumzika. Nilikaa na wanawake, nikachambua mchele siku mbili, na kila nilipoinua kichwa nilimwona Devota na tumbo lake, mimba ya pili, akipita na ndoo ya maji. Nikamwambia pole mwanangu, akaniambia ahsante mama. Nikajiambia msibani si mahali pake.

Mwezi wa nane uliopita Goodhope akanipigia simu. Devota amejifungua mtoto wa kike. "Hana mtu wa kumshika," alisema. "Amesema ukitaka kuja, uje."

Nilifika Mikumi kabla ya saa sita mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona, kabla ya mlango, kabla ya mtu yeyote, ni nepi. Zilikuwa kwenye waya mrefu kutoka mpapai hadi nguzo ya choo, zimetandazwa bila kupandana, jua linazipiga. Zilikuwa zile zile za Teresia. Nilizijua kwa mishono. Nikasogea nikaweka pua kwenye moja, kama mwizi. Haikunuka kitu. Haikunuka hata sabuni.

Devota alitoka na mtoto kifuani. "Shikamoo mama. Karibu, pole na safari." Alinipa kiti, chai, mtoto nimpakate. Lucas aliletwa anisalimie, akaweka mkono wake kichwani mwangu badala ya mimi kuweka kwake, na sote tukacheka, na nikafikiri labda yatakwenda vizuri.

Lakini nilipoinuka kwenda kwenye ndoo ya nepi, Devota aliniwahi.

"Kaa, mama. Pumzika."

"Nimekuja kukusaidia, mwanangu. Mzazi hafui."

"Nepi nafua mwenyewe, mama. Wewe ni mgeni."

Alisema bila ukali wowote. Uji alikubali nipike, kufagia alikubali, hata kumkanda alikubali. Nepi hapana. Siku tatu nilikaa kwenye kiti changu nikimwangalia akifua: anasuuza, analoweka, anafunika, anabadilisha maji. Maji ya baridi ya bomba. Kwenye maji ya mwisho alikamulia limau moja.

"Huchemshi kabisa?" nilimwuliza.

"Sichemshi, mama. Jua linamaliza." Akakamua. "Na siku ya mvua naanika barazani kwenye upepo, nakunjua, nageuza. Nisichofanya ni kukunja mbichi."

Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuhitaji.

Siku ya tatu jua lilichelewa kutoka nyuma ya mawingu, nepi zikachelewa kukauka. Saa kumi na moja bado ziko kwenye waya. Nilikuwa nimekaa mikono mapajani, nikijikemea. Wewe ni mwalimu, nilijiambia. Wewe una miaka sitini na mitatu. Ndipo makorongo wakaanza kurudi upande wa hifadhini, wakubwa, wanapita chini juu ya mapaa, na mmoja akageuka, akashuka, akaja sawasawa na ule waya.

Nilishtuka niko katikati ya uwanja. Nilikuwa napiga kelele, kanga imenidondoka, nazirarua zile nepi na kuzikumbatia, nyingine zikaanguka kwenye matope chini ya bomba, nikazikanyaga. Lucas akaanza kulia. Devota alitoka mbio, akasimama. Aliona nepi matopeni, akaniona mimi, na uso wake ukawa ule ule wa Kilosa siku ya Jumapili.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka, "hata hapa?"

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka hovyo, ya mwisho yakaanza. Nilimwambia ndege, nikamwambia Paulo, wiki saba, nikamwambia swali la mama mkwe wangu msibani. Nilimwambia kwamba vumbi halikuwepo. Nilimwambia kwamba kamba niliificha chini ya godoro ili mama yake asiione, na kwamba sikuwahi kuona mtu anayefua nepi kama yeye. Nilikuwa nalia kama mtoto, na kamasi juu.

Devota alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango.

"Ungeniambia, mama," alisema. "Ningekaa nazo uani mpaka zikauke. Ningeshika fimbo nimfukuze kila ndege wa Kilosa. Hata ningeona raha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi nimekusamehe siku nyingi, mama. Ningekuwa sijakusamehe nisingekuita." Alifuta macho kwa pindo la kitenge. "Lakini mama yangu sikumwambia kwamba ni wewe uliyetaka zianikwe ndani. Ningemwambia, asingekubali nirudi kwa Goodhope. Tulipofika Magole alizifua zote upya, akaanika juani siku mbili, harufu ikaisha. Akasema kumbe ni uvivu wangu tu. Nikanyamaza."

Niliitazama mishono ya Teresia kwenye nepi nilizoshika.

"Wiki ile aliyofariki tulikuwa tunapepeta mahindi, mimi na yeye," Devota aliendelea. "Akaniuliza, 'Hivi, mwanangu, kwenye kukulea nilisahau kukufundisha nini?' Alikuwa anauliza kweli, mama. Alikuwa anatafuta. Nikamwambia hukusahau kitu, mama. Hakuniamini."

Akainuka, akaokota nepi za matopeni moja moja, akazipeleka bombani, akaanza kuzisuuza. Nilibaki nimesimama na zile nyingine mikononi, na hakuziomba. Kutoka Kilosa kwenda Magole ni safari ya asubuhi moja. Kwa mwaka mmoja na nusu magari yalikuwepo kila siku, na Teresia alikuwepo.